Daftari Tusiloweza Kulisoma



Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nataka kuwasimulia habari ya mali iliyokuwa na daftari, ikakaribia kupotea vilevile, kwa kuwa sisi warithi hatukujua kusoma.

Tangu ujana wangu naimba katika kwaya ya kigango chetu, sauti ya nne. Mwalimu wetu alikuwa katekista mzee. Alitufundisha kwa kutuimbia: yeye huimba mstari, sisi humfuata, mpaka wimbo umekaa kichwani. Mara nyingi alituonya, “Wanangu, jifunzeni nota.” Sisi tulicheka. Nyimbo tunazijua, nota za nini?

Mwaka 2011, wakati wa mavuno, Mwalimu akafariki. Usiku wa matanga mjane wake akatuletea daftari lililofungwa kwa kitambaa. Akasema, “Wanangu, ukurasa wa mwisho kuna wimbo aliotunga kwa ajili ya maziko yake. Aliniambia kwamba wanakwaya wataimba.” Tukasogeza taa. Tukaona herufi d, r, m, nukta na vistari vingi. Tulikuwa watu ishirini na wawili, wala hakuna hata mmoja aliyeweza kusoma. Kesho yake tukamzika kwa wimbo mwingine. Mama yule hakutulaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Baada ya arobaini nikaenda kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, binti wa rika la mwanangu wa kwanza, ambaye alijua nota. Aliniamkia, “Shikamoo, Baba.” Nikajibu, “Marahaba, Mwalimu, nimekuja kuwa mwanafunzi wako.” Kuuliza si ujinga.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni ngazi ya sauti: do, re, mi, fa, so, la, ti, kisha do ya juu. Nilidhani vidato vyote vina urefu mmoja. Akanipeleka kwenye kinanda cha kanisa, akanionyesha kwamba kati ya do na re kuna kibao cheusi, lakini kati ya mi na fa hakuna, wala kati ya ti na do. Hapo hatua ni nusu tu. Kumbe miaka yote ile nilikuwa narusha fa yangu juu mno, na jirani zangu wakinivumilia!

Kisha akanifundisha alama. Mstari wa wima huonyesha mahali pa pigo zito. Nukta mbili hutenga pigo na pigo. Nukta moja hulikata pigo nusu kwa nusu. Kistari humwambia mwimbaji: sauti uliyo nayo ishikilie, usiiache. Nafasi iliyo tupu ni kimya. Tulipiga makofi, tukatembea uani tukihesabu moja, mbili, tatu, mpaka watoto wakatucheka. Baadaye alinionyesha pia nota za mistari mitano: nota nzima huchukua mapigo manne, nusu mawili, robo moja. Lakini kwa daftari letu herufi zilitosha.

Alinisimulia pia asili ya elimu hii. Karibu miaka elfu moja iliyopita kulikuwa na mmonaki wa Kibenedikto huko Italia, jina lake Guido wa Arezzo. Aliwaona waimbaji wakipoteza miaka mingi kukariri nyimbo za kanisa, kama sisi. Akaona kwamba katika utenzi mmoja wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji kila kipande huanza kidato kimoja juu ya kile kilichotangulia. Basi akatwaa silabi za mwanzo: ut, re, mi, fa, sol, la. Ut ndiyo iliyokuja kuitwa do. Papa Yohane wa 19 alimwita Roma, naye hakuinuka mpaka yeye mwenyewe ameweza kuimba kipande ambacho hakuwahi kukisikia. Guido aliandika kwamba kwa njia yake mwimbaji hukamilika kwa mwaka mmoja, au miwili kwa wingi. Nukta na herufi zetu zilitengenezwa Uingereza katika karne ya 19 na John Curwen, akiifuata njia ya mwalimu mmoja mwanamke, Sarah Glover, na wamisionari wakazieneza Afrika.

Nilipojua kidogo, nikawaita wenzangu. Kila Jumapili baada ya ibada tulisoma saa moja. Wengine walikata tamaa, kumi na wanne wakabaki. Ilipofika misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, tukauimba wimbo wa Mwalimu, sauti zote nne. Watu walilia.

Tulipotoka nje, nikamwendea yule mama, nikitegemea sifa. Akatushukuru sana, halafu akasema taratibu, “Lakini pale katikati mmeharakisha, wanangu. Yeye jioni alipouimba, pale alikuwa anakaa kidogo.”

Nikafungua daftari. Ni kweli! Palikuwa na kistari, kidogo na kilichofifia, nasi tumekiruka. Mama yule hajui hata nota moja, lakini alikuwa ameuhifadhi wimbo moyoni, na daftari likamshuhudia. Tangu siku ile sidharau sikio, wala sidharau kalamu. Sikio hufa na mwenyewe. Kalamu hubaki, ila yataka mtu wa kuisoma.

Ninyi wanakwaya wa vijijini, msiseme hamna kinanda. Ubao, chaki na mtu mmoja anayejua vyatosha kwa kuanzia. Nanyi wazazi, mtoto akijifunza do, re, mi nyumbani, msimwambie anapiga kelele. Na kama katika kigango chenu yuko mzee mwenye daftari kabatini, mwendeeni wiki hii, akiwa bado anaweza kuwaonyesha kistari kimekaa wapi.