Barabara ya Ngara Haitaki Dereva wa Haraka

Ndugu msomaji, iwapo likizo hii umekusudia kuwapeleka watoto Ngara wakawaamkie babu na bibi yao, na gari lenyewe ni lile ulilolinunua kwa akiba ya miaka mingi, likiwa limekwisha kutumika ng'ambo, huna budi kulifahamu vyema kabla hujaiacha Kahama. Magari mengi ya siku hizi, ya dizeli na hata ya petroli, yana turbo. Na safari hii huipima turbo kuliko mitaa ya mjini.

Ukifika Nyakanazi umekwisha ingia Wilaya ya Biharamulo. Mbele yako ni Lusahunga. Hapo barabara moja hushika kaskazini kwenda Biharamulo mjini, liliko boma la kale la Wajerumani. Nyingine hupita Nyakahura kuelekea Benaco na daraja la Rusumo. Sehemu kubwa ya njia hiyo ni msitu. Kwa miaka mingi baada ya 1994, ujambazi ulifanya magari yapite humo kwa msafara, yakisindikizwa na askari wenye silaha. Enzi hizo aliyeharibikiwa na gari humo hakuwaza kwanza bei ya fundi. Aliomba jua lisimzamie.

Turbo ni mithili ya pangaboi mbili ndogo zilizofungwa kwenye mhimili mmoja. Moja huzungushwa na moshi unaotoka katika injini, na ya pili huishindilia injini hewa. Mswisi Alfred Büchi ndiye aliyeipatia hataza mwaka 1905. Faida yake utaiona mlimani. Kila upandapo mita 1,000, injini isiyo na turbo hupungukiwa na takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, kwani hewa huwa nyepesi. Na milima ya Ngara hukaribia mita 1,800. Ndiyo sababu malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi huimudu miinuko hiyo.

Walakini, magari madogo ya kwanza yenye turbo hayakuwa na sifa njema. Mwaka 1962 huko Marekani lilitoka Oldsmobile Jetfire. Gari hilo lilihitaji kujazwa kimiminika maalumu cha maji na methanoli ili injini isigonge. Wenye magari, watu wa kwenda kazini na sokoni kama wewe na mimi, walisahau kukijaza. Baadhi ya magari yalirudishwa gereji yakang'olewa turbo na kufungwa kabureta ya kawaida, na mwaka 1963 utengenezaji ukakoma kabla magari hayajafika 10,000. Mashine ilidai uangalizi ambao dereva wa kila siku hakuuzoea. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Saab 99 Turbo ya Sweden ilifungwa vali ya kupunguza msukumo unapozidi, isimtegemee dereva. Hapo ndipo wengi walipoamini kuwa turbo yaweza kuwa ya familia.

Lakini jambo moja halijabadilika. Mhimili wa turbo waweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Ukimaliza mlima na kuzima injini papo hapo, oili husimama huku turbo ingali moto mkali. Oili hiyo huungua na kugeuka masizi, na beringi hubaki kavu. Magari mapya mengi hupozwa turbo kwa maji pia, lakini tabia njema haijapoteza thamani.

Watazame madereva wa malori wanapoegesha Lusahunga au Benaco. Dereva mzoefu huiacha injini ingurume taratibu kwanza, na mgeni hudhani anachezea mafuta. La hasha, anaipumzisha turbo. Nawe fanya hivyo dakika moja au mbili. Tena badilisha oili kwa wakati, iwe ya aina iliyoagizwa na mtengenezaji, na kagua chujio la hewa, maana ukiiacha lami kuelekea vijijini, vumbi halina huruma.

Basi, siku utakapofika, watoto watakurupuka kwenda kutoa shikamoo. Wewe baki kwenye usukani kidogo. Babu akiuliza mbona baba yao hashuki, waambie wamjibu kwamba baba analipumzisha gari, ili liwarudishe salama.