Asubuhi ya Voleboli Pembeni ya Mazuku

Wengi wenu mnaokaa kwenye machimbo mnaijua Goma kuwa mji wa kupeleka mali na kurudi na mabati ya kuezeka nyumba. Leo ninataka kuwatembeza mahali ambapo wafanyabiashara hawafiki, kwenye kiwanja cha voleboli cha shule moja upande wa Kyeshero. Shule yenyewe siitaji jina. Jambo nitakalosema lilitokea mwezi wa tano 2018, na mpaka leo nikisikia mpira unadunda asubuhi na mapema, roho inashtuka.

Ukitoka Masisi unateremka mpaka Sake, halafu kuna kilomita kama 25 za barabara mpaka mjini, ziwa Kivu likiwa kuume kwako. Udongo wa milima yetu unaishia pale. Mbele ni jiwe jeusi, jiwe tupu, na si lote la zamani. Moto wa Nyamulagira wa 1938 mpaka 1940 ulifika ziwani karibu na Sake, na ule wa Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002 ulipita katikati ya Goma yenyewe ukameza nyumba na maduka. Watu wakarudi, wakalivunja jiwe lile lile, wakajenga kuta juu yake. Mtu wa Goma akitaka kuchimba choo anahesabu pesa kwanza! Wachimbaji wetu wangecheka: anapiga nyundo wiki nzima, na ndani hakuna hata gramu moja ya koltani.

Nilikuwa nimekuja kwa mkutano wa wachungaji, nikalala kwa dada yangu. Mtoto wake, kijana wa miaka 17, aliniambia usiku: "Mjomba, kesho tuko na mazoezi saa kumi na mbili. Utakuja kutuona?" Nikakubali mara moja. Mimi mwenyewe nilicheza voleboli nilipokuwa kwenye shule ya Biblia, na sikuwa mbaya, ingawa mke wangu haamini. Tena ni mchezo uliozaliwa karibu na kanisa: aliyeuanzisha, William Morgan, alikuwa mwalimu wa michezo katika Umoja wa Kikristo wa Vijana kule Holyoke, Marekani, mwaka 1895.

Kwa nini saa kumi na mbili? Kwa sababu jua likipanda, jiwe jeusi linawaka kama sahani ya moto, na jioni kiwanja kinachukuliwa na watu wa futiboli. Hiyo ndiyo sababu tu. Hakuna aliyefikiri zaidi.

Kiwanja kilikuwa kimesawazishwa kwa changarawe nyeusi. Wavu walikuwa wameushona kutoka wavu wa zamani wa kuvulia sambaza, wakaufunga kwa kamba ya nailoni kwenye miti miwili ya mikaratusi. Upande mmoja kulikuwa na ukuta mfupi wa mawe, na nyuma ya ukuta bonde dogo, labda mita nne kwenda chini. Mle ndani majani yalikuwa mabichi kabisa, wakati huku juu kila kitu ni cheusi. Nilikaa juu ya ukuta nikalitazama nikasema moyoni: pazuri namna gani! Hakukuwa na upepo hata kidogo. Moshi wa majiko ulilala juu ya nyumba bila kusogea.

Watoto wadogo wa jirani walikuja kuokota mipira. Mmoja wa miaka kama 10 alijiweka karibu yangu, akinihesabia pointi kwa sauti.

Basi mshambuliaji wao mrefu akaruka, akapiga. Mpira ukagonga mikono ya mtu, ukaruka juu ya kichwa changu, ukaingia bondeni. Yule mtoto akanitazama. Nami nikamwambia: "Kimbia, baba, utuletee."

Ninaandika maneno hayo jinsi yalivyokuwa. Ni mimi niliyemtuma.

Akateremka akicheza. Nilimwona amesimama wima kati ya majani, yuko vizuri, anacheka. Akainama kuushika mpira. Hakuinuka. Alipiga magoti pole pole, kama mtu anayetaka kuomba, halafu akalala ubavu.

Nikadhani ameteleza. Nikaita. Mwalimu wa michezo aliona kabla yangu, akaruka ukuta, akateremka nusu ya njia, magoti yakalegea, akarudi akitambaa, macho yametoka. Hapo nami nikavua koti niruke. Mama mmoja mzee aliyekuwa anapita na bidoni ya maji alinishika suruali kwa nyuma akanivuta kwa nguvu sijui alizitoa wapi.

"Weye Pasta, unataka kufa? Hapo kuko mazuku! Mutu asishuke!"

Ndugu zangu, neno hilo nilikuwa ninalijua. Huku Goma mazuku maana yake ni upepo mbaya. Wengine wanasema ni pepo au ulozi. Si ulozi. Ni hewa inayotoka chini kwenye nyufa za volkano, ile ile tunayoitoa tunapopumua, lakini imekusanyika nyingi. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu, kwa hiyo inatiririka na kujaa mabondeni kama maji. Haina rangi. Huwezi kuinusa. Usiku na alfajiri, upepo ukilala, inapanda; mchana upepo wa ziwa unaipunguza. Ndiyo maana yule mtoto alikuwa salama aliposimama, na alipoinama akaingiza kichwa ndani yake. Mwaka 1994 iliua wakimbizi waliopiga kambi pande za Mugunga. Kule Kamerun, tarehe 21 Agosti 1986, hewa ya namna hiyo ilitoka katika ziwa Nyos, ikaua watu zaidi ya 1,700 kwa usiku mmoja.

Na sisi wa machimbo tunaijua hewa mbaya! Nimezika ndugu watatu kutoka shimo moja. Wa kwanza alianguka, wa pili akamfuata, wa tatu akawafuata wote wawili. Kwenye mazishi yale nilisimama nikahubiri kwamba mtu asishuke bila kamba. Mimi huyo huyo, na koti mkononi.

Yule mama hakupoteza wakati. "Mutoe ile kamba ya wavu!" Vijana wakaikata kwa kisu cha muuza miwa. Wakamfunga mshambuliaji chini ya makwapa. Mama akamwambia: "Upumue huku juu. Kule chini usipumue, hata kidogo." Akateremka mashavu yamejaa. Kamba ikakwama kwenye jiwe, akapiga mkono, wakamvuta juu bila kitu. Akapumua mara tatu, akarudi. Mara ya pili alimshika mtoto kwenye mkono na shati, na sisi tukavuta kama wavuvi.

Midomo ya mtoto ilikuwa ya bluu. Mwalimu akampulizia pumzi mdomoni, akaacha, akapuliza tena. Mimi nilijaribu kuomba, sikupata neno hata moja. Mwishowe akakohoa, akatapika, akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu namna ile. Motari mmoja akampeleka kwenye kituo cha afya, mwalimu akimkumbatia nyuma.

Waliobaki walisimama bila kusema. Mama mzee akawasha nyasi kavu kwenye ncha ya mti mrefu, akaushusha bondeni. Moto ukazimika kana kwamba ameutia ndani ya maji. Akaupandisha, akawasha tena, ukazimika pale pale. Akatuonyesha mwisho wake kwa mkono: kwa mtu mzima kama mimi, kimo cha kiuno. Halafu akasukuma majani kwa ule mti, tukaona mifupa ya mbuzi, na jiwe lililopakwa chokaa zamani, ambalo majani yalikuwa yamelifunika.

Tangu siku ile pande hizo zimepita mengi. Volkano ililipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Kuanzia 2022 maelfu ya watu waliokimbia vita walijenga vibanda vya maturubai pande za Bulengo na Lac Vert, juu ya jiwe hilo hilo lenye mabonde, mpaka vita vilipoingia mjini Januari 2025. Kila niliposikia kwamba watoto wanalala kule, niliwaza majani mabichi.

Saa saba mchana, upepo wa ziwa ukivuma, mwalimu aliuvuta mpira kwa mti wenye ndoano. Mama wa mtoto alikuja kwa dada yangu jioni. Walikuwa wamemwambia kwamba mtumishi wa Mungu alikuwa pale, naye alileta ndizi kunishukuru. Nikamwambia: "Mama, ni mimi nilimtuma mtoto wako." Alinitazama muda mrefu. Akaziweka ndizi mezani, akaniuliza kama nimeshakula.

Jumamosi iliyofuata walifunga wavu upande wa juu, karibu na barabara, wakaanza saa tatu.