Springi ya Reli ya Waya, Dandora

Msomaji, ukifika Dandora usikose kutazama watoto wanavyounda magari ya waya. Reli ya kwenda Thika yapita karibu, hivyo usishangae ukikuta garimoshi pia. Taabu huwa pale reli inapogawanyika: ulimi unaoelekeza magurudumu wahitaji springi ya kuurudisha mahali pake. Mwanao asiende kuitafuta kwenye jaa lile la tangu miaka ya 1970. Moshi wake si mzaha. Tena waya wa tairi iliyochomwa haufai, moto umeulegeza. Wa shaba nao ukiukunja haurudi. Mwombe fundi wa baiskeli waya mkuukuu wa breki, uchambue uzi mmoja, uuzungushe kwenye msumari mwembamba kuliko springi unayotaka, kwani ukiuachilia hutanuka. Ushike ncha, usije ukarukia macho.