Mpisheni Baba

Yatupasa kwanza kuungama jambo moja. Hapa Kisangani sisi ni mwalimu wa shule, walakini wengi katika parokia yetu hawatujui kwa ualimu. Hutujua kwa kuchekesha. Tangu tulipotoka seminari na kuoa, twaongoza chama cha michezo ya kuigiza, na mara zote sisi wenyewe ndio tulioigiza yule mzee mchoyo afichaye samaki chini ya kitanda, hata paka wa mtaa mzima wakamfichua. Tukipita sokoni, watoto hutuita kwa jina la mzee yule. Sifa hiyo, twakiri, ilitupendeza mno.

Basi, mwaka jana, siku chache baada ya Noeli, tulivuka mto kwenda Lubunga kuonyesha mchezo wetu. Watu walicheka hata machozi yakawatoka. Tulirudi kwa mtumbwi wa mwisho, tukafika nyumbani usiku wa manane. Mama watoto alikuwa amelala pamoja na binti yetu mdogo, mwenye umri wa miaka minne. Mama akaamka, akamwinua mtoto polepole apate kumhamishia mkekani kwa dada zake. Mtoto akafumbua macho, akatutazama katika mwanga wa taa, akauliza: "Mama, mgeni atalala hapa?"

Mama hakujibu neno. Nasi hatukujibu. Usiku ule usingizi haukutujia.

Hatukumwambia mtu habari hiyo. Majuma machache yakapita. Ndipo kijana mmoja jirani yetu, aliyesoma Kampala na kukijua Kiingereza vizuri, akaja nyumbani na kompyuta yake kutuonyesha mchezo wa zamani wa televisheni ya Marekani. Alidhani tutapata humo mambo ya kuiga jukwaani. Yeye alitufasiria maneno, nasi tukatazama. Mchezo huo uliitwa Make Room for Daddy, yaani "Mpisheni Baba". Ulianza kuonyeshwa mwaka 1953, ukaendelea hata mwaka 1964. Na tangu mwaka 1956 ukaitwa kwa jina la mchezaji wake mkuu, Danny Thomas.

Habari yake ni nyepesi. Bwana mmoja, Danny Williams, kazi yake ni kuimba na kuchekesha watu usiku katika kilabu cha New York. Ana mke, ana watoto. Huko kilabuni akifungua kinywa tu, ukumbi wote hunyamaza kumsikiliza. Nyumbani akifungua kinywa, watoto humjibu, na mkewe humkumbusha ashushe sauti. Kichekesho chote ni hicho: mtu awezaye kutawala ukumbi mzima ashindwa kutawala meza ya watu wanne.

Tulicheka. Kisha kijana akatueleza asili ya jina lile, na kicheko kikatukatika. Danny Thomas mwenyewe alikuwa mchekeshaji wa vilabu, akisafiri mji hata mji. Alipokuwa safarini, watoto wake walihamia chumbani kwa mama yao, na nguo zao zikapata mahali katika kabati. Baba akirudi, iliwabidi kukusanya vitu vyao na kuondoka, ili kumpisha baba. Neno hilo la nyumbani ndilo lililouzaa mchezo.

Mama watoto alikuwa karibu na mlango akichambua majani ya sombe. Hakuinua uso, ila mikono yake ilisimama.

Wasomaji, hatusemi haya ili kumhukumu bwana yule. La. Danny Thomas alizaliwa mwaka 1912, wazazi wake wakiwa watu wa Lebanoni, naye alikuwa Mkatoliki wa Kimaroni. Alimwoa Rose Marie mwaka 1936, wakaishi pamoja mpaka alipofariki mwaka 1991. Mwenyewe alisimulia kwamba, akiwa baba kijana asiye na fedha, alimwomba Mtakatifu Yuda Tadei amwonyeshe njia, akaweka ahadi. Ahadi hiyo ikawa hospitali ya watoto iliyofunguliwa Memphis mwaka 1962, ambamo wazazi hawadaiwi malipo ya matibabu ya watoto wao. Basi hakuwa mtu asiyependa watoto. Na hilo ndilo lililotutia hofu. Kwa maana ikiwa baba mwenye moyo kama huo aliweza kuhitaji kupishwa nafasi nyumbani mwake, sisi ni nani hata tujidhanie salama?

Tuliifikiri sababu yake, tukaiona. Mkulima hutoka alfajiri, jioni hurudi. Mvuvi wa Wagenia hutazama mitego yake, kisha hurudi. Lakini mchekeshaji na mwanamuziki huanza kazi saa ile wenzao wanapoketi kula. Watu huja kwake kwa kuwa wamemaliza kazi. Yeye huwapa saa zile zile ambazo watoto wake wangezihitaji. Hawaibii nyumbani mwake fedha. Huwaibia jioni. Na jioni hazilimbikizwi, iliyopita imepita.

Jambo jingine katika mchezo ule lilitufundisha. Mwigizaji wa kwanza wa mke, Jean Hagen, aliuacha mchezo mwaka 1956. Basi waandishi wakasema katika hadithi kwamba mama yule amefariki. Na mwaka 1957 akaja mwigizaji mwingine, Marjorie Lord, akawa mke mpya. Kalamu ilitosha. Jirani zetu wa Kenya nao walikuwa na nyumba ya namna hiyo katika mchezo wa televisheni uitwao Vitimbi: Mzee Ojwang na Mama Kayai, wakigombana na kupatana mbele ya taifa zima kwa miaka mingi. Ndugu yetu aliyekaa Nairobi anatuambia kwamba yeye, pamoja na watazamaji wengine wengi, aliwadhania kuwa mume na mke kweli. Kumbe Mzee alikuwa Benson Wanjau, na Mama alikuwa Mary Khavere, na kila mmoja alikuwa na nyumba yake. Wanjau alipofariki Julai 2015, watu walioomboleza walikuwa wengi kuliko tuwezavyo kuhesabu. Nyumba ya mchezo huangazwa na taa za studio. Zikizimwa, kila mtu hurudi kwake. Swali ni hili: huko arudiko, je, anajulikana? Kwa maana katika nyumba ya kweli hakuna mwandishi wa kutengeneza kwa kalamu kilichoharibika.

Kesho yake tukajaribu dawa ya kipumbavu. Tulimketisha binti yetu barazani, tukamwigizia yule mzee mchoyo tangu mwanzo hata mwisho, kwa mgongo uliopinda na sauti ya kukwaruza, mambo yaliyowaangusha watu wa Lubunga kwa kicheko. Mtoto alitazama kwa makini sana. Tulipomaliza akauliza: "Baba, unaumwa tumbo?"

Mama watoto alikuwa ameyaona yote kutoka jikoni. Akasema kwa upole, lakini kila neno lilifika: "Baba, wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe umekuwa mgeni humu siku nyingi. Jembe liko shambani. Shika mchi."

Basi tukashika mchi, tukatwanga lituma. Asiyejua na ajue kwamba kutwanga ndizi zilizochemshwa si kazi ya mtu aliyezoea chaki. Mara ya tatu mchi ulipiga ukingo wa kinu, kipande cha ndizi kikaruka, kikabandika juu ya miwani yetu, nasi tukasimama hatuoni kitu. Hapo binti yetu akaanza kucheka. Alicheka hata akaketi chini. Mama naye akacheka, akajifuta macho kwa pembe ya kitenge. Tumesimama mbele ya watu mara nyingi, lakini kicheko kama kile hatujapata kukisikia, na hatukukifanyia mazoezi.

Jioni ile tuliketi na mama watoto tukazungumza. Hakututaka tuache chama. Alisema kwamba kicheko ni mali ya watu wote, na hapa Kisangani, mji ulioona vita, watu wanakihitaji. Aliomba mambo mawili tu: mazoezi yafanyike mara mbili kwa juma, mara baada ya shule, nasi turudi kabla ya watoto kulala, na yule mzee mchoyo apewe mtu mwingine. La kwanza lilikuwa rahisi. La pili lilituuma. Leo mzee yule anaigizwa na kijana fundi wa baiskeli, naye, twasema kwa uchungu kidogo, anachekesha kuliko sisi.

Wasomaji wapendwa, hatukuandika haya kwa waigizaji peke yao. Wako waimbaji wa kwaya, wako wacheza mpira, wako madereva wa usiku, wako hata wazee wa kamati ambao kila jioni wana mkutano. Kumpisha baba kitandani ni kazi ya dakika moja: mtoto huinuliwa, huwekwa mkekani, basi. Nafasi ya baba katika mawazo ya mtoto hakuna awezaye kumpisha. Yampasa aijaze mwenyewe, jioni baada ya jioni, akiwa na mchi mkononi ikibidi.

Juzi tulimsikia binti yetu akizungumza na mtoto wa jirani juu ya ukuta wa matofali. Alisema kwa sauti kubwa, kana kwamba anajivuna: "Baba yangu mimi hajui kutwanga."

Sifa hiyo twaipenda kuliko ile ya sokoni.