Gita Iliyolala

Nilikuwa nimeshaiuza gita ya Baba. Karibu, tuseme. Jamaa mmoja wa Rongai aliona picha niliyoposti, akasema ana 6,000 na angekuja Jumamosi. Baba hakujua. Alikuwa amekaa kwenye kochi langu hapa Umoja, mkono wa kushoto juu ya paja kama kitu alichoachiwa na mtu amshikie kwa muda, na gita imening'inia ukutani nyuma ya kichwa chake, mahali asipoiona.

Kiharusi kilimpata Novemba, shambani. Kilichukua upande wa kushoto wote kisha kikarudisha nusu. Anatembea, anaongea, anabishana na redio. Mkono ndio uligoma. Mtaalamu wa mazoezi alinionyesha: dole gumba na vidole viwili vya kwanza vinaweza kushika kitu vikiwa pamoja, hata kikombe. Kinachoshindikana ni kila kidole kufanya kazi yake kivyake. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa habari njema. Lakini Baba alicheza omutibo ujana wake wote, ile gita ya kwetu Magharibi ya kina George Mukabi, ambapo dole gumba la kulia linapiga besi, kidole cha shahada kinaimba juu yake, na vidole vya kushoto vinakimbia kwenye shingo kila kimoja na safari yake. Pembeni lazima kuwe na mtu wa kukwaruza chupa ya Fanta, zile za zamani za glasi zenye mistari. Nilipokuwa na miaka saba, mtu huyo alikuwa mimi.

Basi nikajiambia gita haina kazi tena. Na kodi ya nyumba ilikuwa imechelewa. Sitajipamba: ilikuwa kodi zaidi ya huzuni.

Alhamisi usiku, usingizi umekataa, simu ikanitupia albamu inaitwa A Meeting by the River. Ry Cooder, Mmarekani, na Vishwa Mohan Bhatt, Mhindi wa Jaipur. Ilitoka 1993 na mwaka uliofuata ikashinda Grammy. Inasemekana wawili hao walikuwa hawajajuana hata saa moja kabla ya kuanza kurekodi, na ukisikiliza unaamini, kwa sababu wanasikilizana kama watu wenye adabu ya ugenini. Sikuweza kujua ni chombo gani. Ilikuwa gita, lakini ilikuwa inalia. Sauti haikuruka kutoka noti moja hadi nyingine, iliteleza, kama mtu anayevuta jina la mtu aliyekufa.

Nikatafuta video. Bhatt amekaa chini, gita imelala mapajani, nyuzi zinaangalia dari. Mkono wa kulia unapiga. Mkono wa kushoto umeshika kipande cha chuma na kukiburuta juu ya nyuzi. Nikasimamisha video. Nikairudisha. Mkono wa kushoto haukubonyeza uzi hata mmoja. Vidole vilikuwa vimeshika chuma, vikiwa pamoja.

Sikulala tena. Bando la simu liliisha saa tisa, nikakopa lingine.

Kucheza gita ikiwa imelala, kwa chuma, kulianzia Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na kijana aitwaye Joseph Kekuku ndiye anayepewa sifa hiyo. Wanamuziki wa Hawaii wakasambaa duniani. Familia ya Tau Moe iliishi Calcutta miaka ya 1940, na Wahindi wakaipenda hiyo gita mpaka ikaingia kwenye nyimbo za filamu. Lakini nyimbo za filamu ni jambo moja. Muziki wao wa kale, wa raga, una masharti. Noti yenyewe ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni njia unayopita kuifikia, mtelezo wanaouita meend. Redio ya taifa ya India ilipiga marufuku harmoni mwaka 1940, ikaja kulegeza 1971, na hoja mojawapo ilikuwa hiyo hiyo: harmoni ina funguo, na funguo hazitelezi. (Harmoni hiyo hiyo iliyokaa kwenye taarab ya Mombasa miaka yote bila mtu kuiomba kitambulisho.)

Kwa hivyo gita ya kawaida, na vile vyuma vyake shingoni vinavyokata sauti vipande vipande, ingekuwa na kesi. Gita iliyolala inavipita vyuma hivyo juu kwa juu. Na Wahindi hawakuwa wageni wa kuteleza. Vichitra veena ilikuwa inachezwa kwa kuburuta kitu laini juu ya nyuzi kabla gita haijawafikia. Brij Bhushan Kabra, aliyefundishwa na Ali Akbar Khan, bingwa wa sarodi, ndiye aliyeifikisha kwenye raga kwa uzito wake. Msikilize kwenye Call of the Valley ya 1967, akiwa na filimbi na santuri. Namaanisha santoor, ile ya kugonga kwa vijiti, si santuri ya babu.

Bhatt akaenda mbali zaidi. Gita yake, mohan veena, ina nyuzi 20, na 12 kati ya hizo ni za mwangwi: zinatyuniwa kulingana na raga, na noti yao ikipigwa juu, zinatetemeka zenyewe. Debashish Bhattacharya wa Kolkata, mwanafunzi wa Kabra, alijitengenezea zake kadhaa, hata moja ndogo ya ukubwa wa ukulele. Hizo nyuzi za mwangwi nilizifikiria sana, nikimwangalia Baba akisikiliza rekodi za zamani, mkono wake wa kulia ukicheza kwenye goti bila yeye kujua.

Ijumaa nikaenda kwa fundi wa jua kali, Kariobangi. Nikamwelezea. Akaniangalia kama nimepotea, kisha akanikatia kipande cha chuma cha mviringo, akakisugua mpaka kikang'aa, na kingine chembamba cha kuinua nyuzi pale juu ya shingo, zisiguse tena vile vyuma. 300. Nyumbani nikalegeza nyuzi kadhaa mpaka zote zikipigwa wazi zinapatana zenyewe.

Jumamosi asubuhi nikamwekea Baba mapajani.

"Gita hailazwi, mama," akasema. Mimi nina jina la mama yake, ndivyo anavyoniita. "Kinacholazwa ni mgonjwa."

"Jaribu tu, Baba."

"Hiyo ni ya Wahindi."

"Na hiyo gita ilitoka kwa nani?"

Akanyamaza. Nikamwekea chuma kati ya vidole. Kikaanguka, kikaviringika chini ya kochi. Mara ya pili kikashika. Dole gumba la kulia likapiga besi, lile lile, halikuwa limesahau kitu. Chuma kikaburutika. Sauti ikatoka mbaya, mbaya kabisa, ikapita noti ikaenda kwa jirani. Akairudisha polepole, akiitafuta kwa sikio, uso umekunjamana, mpaka ikafika. Akaiacha hapo, ikalia yenyewe.

Simu yangu ikaita. Jamaa wa Rongai ameshafika steji.

"Nani huyo?"

Ningeweza kudanganya. "Mtu wa gita. Nilitaka kumuuzia."

Alikaa kimya muda mrefu. Aliangalia ukuta, ile misumari mitupu, ambayo nadhani ndiyo mara ya kwanza aliiona.

"Ngapi?"

"Elfu sita."

"Mama. Hayo ni matusi." Akainama kuokota chuma, ambacho kilikuwa kimeanguka tena. "Mwambie arudi kwao. Halafu nitafutie chupa."

Nilimtumia yule jamaa nauli ya kurudi na nikamwandikia mwenye nyumba kuomba wiki mbili, hajajibu mpaka sasa. Kisha nikashuka dukani. Fanta zote zilikuwa za plastiki isipokuwa kreti moja nyuma ya kaunta, na mwenye duka akaniambia ya glasi haitoki bila kuacha pesa ya chupa.

Nikaiacha.