Mgeni wa Siku Tatu Mgeta

Wahenga wametuachia kanuni ya ugeni iliyo fupi kuliko sheria yoyote ya serikali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii nimeitumia mara nyingi barazani, aghalabu kwa mzaha, kumsema mtu aliyekawia kwa wenyeji wake. Mwenyewe sikuwahi kupewa jembe. Nilipewa Mgeta, katika milima ya Uluguru, mwezi wa Agosti 2024, nikiwa nimeshapita umri wa miaka hamsini, na mikono yangu haijazoea kushika kitu kizito kuliko kamusi.

Naomba nianze na kilichonipeleka huko, kwani mtu wa kisiwani hapandi mlima bila ya sababu.

Rafiki yangu mmoja alinipa kazi ya kutafsiri maelezo ya wasafiri waliotembelea Hallstatt, mji mdogo wa Austria uliobanwa baina ya ziwa na safu za Alpi. Mimi sikupita chuo chochote cha tafsiri. Kiingereza nilijifundisha kwa redio na kwa kamusi isiyo na jalada, na kazi zote nilizozifanya nimezifanya kwa ukaidi zaidi kuliko elimu. Kurasa za mwanzo zilikwenda vyema. Nilipofika ukurasa wa arubaini nikarudi nyuma kusoma nilichoandika, na moyo ukanyong'onyea. Neno "mandhari" lilikuwa limetokea mara thelathini na moja. Mandhari ya kuvutia, mandhari ya kupendeza, mandhari tulivu. Ukungu ukipanda kutoka ziwani, mandhari. Njia ya mawe iendayo kwenye mgodi wa chumvi, nayo mandhari. Nilijaribu kubadili, nikashindwa. Chumvi niijuayo mimi huvunwa ufukweni, katika mabwawa ya maji ya bahari yakaushwayo na jua. Ya mlimani, inayochimbwa gizani, sikuwa na picha yake. Baridi nilikuwa nikiisoma tu. Nilikuwa ninatafsiri kwa macho ya watu wengine.

Jirani yangu mtaani ni kijana wa Mgeta anayeuza kabichi na karoti. Nilipomweleza shida yangu alicheka. "Mzee wangu, kwetu ziwa hakuna. Lakini kama unataka mlima, baridi na ukungu, nenda kwa bibi. Atakupokea." Basi nikafunga safari. Nilichukua halua, tende, na kipande kikubwa cha papa mkavu, nikavuka kwa boti hadi Dar es Salaam, nikapanda treni ya umeme, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeanza safari mwaka huo, hadi Morogoro.

Kutoka Morogoro njia hushika upande wa Mzumbe, kisha huiacha lami na kuanza kupanda. Nilipanda katika Land Rover kuukuu, magoti yamegusana na magoti ya wenzangu, gunia la mbolea likiwa chini ya miguu. Kila kona joto hupungua. Migomba inabaki, minazi imekwisha zamani, na kwa ghafla msafiri huona jambo ambalo mtu wa pwani hulitazama mara mbili: mashamba yamesimama wima, moja juu ya jingine, kama ngazi ya kupandia dari. Nilipoteremka Nyandira nilikuwa nimevaa kila nguo niliyoichukua.

Nilimkuta bibi yule mlangoni. Umri wake hauwezi kupungua miaka sabini. "Shikamoo, mama," nilisema, kwani kumwita bibi kungelikuwa kumzeesha mbele ya mtu wa umri wangu. "Marahaba, baba. Karibu moto." Hakusema karibu ndani wala karibu kiti. Nilipokaa jikoni, mikono nimeielekeza mafigani, nilifahamu kwamba karibu ile ilikuwa imechaguliwa kwa hekima.

Siku ya kwanza nilikuwa mgeni kamili. Nililetewa maziwa ya mbuzi, na mjukuu wake akanieleza kwamba mbuzi wale asili yao ni Norway, waliletwa Mgeta katika miaka ya 1980 kwa mpango wa wataalamu wa kilimo wa Morogoro. Niliwatazama mbuzi hao wa Kizungu, ambao kwa sasa hawaelewi lugha nyingine ila Kiluguru, nikajiona mgeni kuliko wao. Niliwekewa plamu na peasi. Viazi, njegere, kabichi, pichi: vitu hivi vya nchi za baridi viliingia mlimani kwa mikono ya wageni, na baadhi ya wageni hao walitokea kwetu. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa Unguja katika miaka ya 1860, wakavuka Bagamoyo mwaka 1868, wakafika Morogoro mwaka 1882, na baadaye wakapanda hadi Mgeta. Njia niliyokuja nayo mimi ilikwishakanyagwa.

Siku ya pili niliamka kabla ya jua. Nilitoka nje nimejifunika blanketi, nikasimama ukingoni. Chini yangu, katika kibonde chenye umbo la bakuli, ukungu ulikuwa umejaa mpaka ukingo, mweupe, hautikisiki, na vilima vimeuzunguka kama pwani. Jua lilipochomoza ukawa na rangi ya maji. Nilisema peke yangu: ziwa hili hapa! Nikaingia ndani, nikachukua daftari, na kabla ya chai nilikuwa na beti nne, zenye vina na mizani kamili, na kituo ambacho, nakiri, kilinipendeza mno:

Ziwa lake ni tulivu, limejilaza bondeni.

Jioni, baada ya chakula, mjukuu akaniomba nisome. Nilighani kwa sauti ya kwetu, na watoto wakakaa kimya. Nilipomaliza bibi alikuwa akitazama moto. "Ni zuri, baba," akasema. Baada ya kitambo akauliza, "Bonde hilo ulilolisema ni lile la chini hapo?" Nikasema ndilo. Akaitikia kwa kichwa, akainuka, akaenda kulala. Nami nikalala nikidhani nimemfurahisha.

Asubuhi ya siku ya tatu alinipa jembe.

Hakunipa kwa mzaha. Alisema tu, "Twende tukapalilie," naye ametangulia. Tulishuka njia nyembamba ambayo kwa mguu wa Uluguru ni barabara, na kwa mguu wa Unguja ni ukuta. Shamba lilikuwa la njegere, ngazi baada ya ngazi, na mfereji mdogo wa maji ukipita juu yake. Ni shamba la ukoo wake. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo hufuata njia hiyohiyo, naye analima pale alipolima mama yake. Nilipalilia ngazi moja kwa muda ambao yeye alipalilia tatu. Kila nilipoinua jembe udongo ulitaka kuteremka, na kila mara alinionyesha namna ya kuuvutia juu, kuelekea kifuani. Huko kwetu mtu hulima ardhi ikatulia. Pale mlimani, mkulima hulima huku akiizuia ardhi isiondoke.

Nilimuuliza juu ya ngazi zile. Alinieleza habari aliyoipokea kwa wazee: kwamba katika miaka ya 1950 serikali ya Mwingereza iliwashurutisha watu wa Uluguru kuchimba ngazi, na kwamba watu walichoshwa. Vitabu vinaafikiana naye. Mwaka 1955 ghasia zilizuka upande wa Matombo, na mtu mmoja akauawa kwa risasi ya polisi. Upande wa Mgeta, penye maji ya mifereji na mboga zenye soko, ngazi zilidumu. Nilipokuwa katika Land Rover nilizifananisha na ngazi za dari. Sikujua kuwa ndani yake kuna amri, jasho na damu ya mtu.

Tulipopumzika tulikuwa ukingoni mwa kibonde changu. Ukungu ulikwisha kuondoka. Kwa mchana palikuwa mahali pa majani tu, pamebonyea, hapana ngazi wala nyumba. Nilimuuliza kwa nini hapalimwi.

"Hapo palikuwa nyumbani kwa mama yangu mdogo," akasema.

Ilikuwa Februari ya mwaka 1970. Mvua ilinyesha kwa saa chache tu, lakini ilinyesha kama iliyomwagwa, na mlima ukaachia. Jambo hili limeandikwa na wataalamu waliokuja baadaye kupima: mamia kwa mamia ya maporomoko kwa siku moja katika eneo la Mgeta, takriban yote katika ardhi iliyokuwa imefyekwa au yenye majani, na machache mno yaliyoanzia msituni, kwa sababu mizizi ya miti hushika udongo ambao jembe haliwezi kuushika. Bibi hakutaja idadi. Alikuwa msichana. Alisikia mngurumo, akadhani ni radi, na kulipokucha nyumba ya mama yake mdogo haikuwapo, wala mahali pake hapakuwapo, pamekuwa bakuli. Walichimba siku tatu. Walichokipata kikiwa kizima ni vyungu viwili.

Niliinamisha kichwa. Wasomaji wenye kuandika mashairi watafahamu aibu iliyonipata, ambayo haifanani na aibu nyingine. Si kwamba nilisema uongo. Ukungu ulikuwapo, na ulikuwa na uzuri. Lakini nililiweka neno "tulivu" juu ya kaburi, kwa sababu tu liliafiki kina.

"Nisamehe, mama," nilisema. "Nitaichana karatasi ile."

"Usiichane," akajibu. "Ukungu ni kweli unakuja, hata mimi huutazama. Hilo neno la utulivu ndilo ulitoe. Hapo hapakutulia."

Mpenzi msomaji, kulitoa neno moja katika shairi la arudhi si jambo dogo. "Tulivu" lilikuwa limebeba kina cha kati cha beti zote. Lilipotoka, "vu" zote zikaporomoka nalo: wangavu, nguvu, werevu. Nilikaa usiku ule jikoni na daftari. Niliandika, "Ziwa lake la ukungu, limejilaza bondeni," kisha nikaanza kutafuta maneno yanayokwenda na ukungu. Lugha yetu ina ukarimu wake. Ilinipa mawingu, ikanipa uchungu, ikanipa ulimwengu, na mwisho, bila ya mimi kuiomba, ikanipa vyungu. Shairi la pili si tamu kama la kwanza. Likighaniwa linakwaruza mahali pawili. Nimeliacha hivyohivyo.

Niliporudi Unguja niliufungua tena mswada wa Hallstatt, nikasoma kwa mgongo unaouma. Safari hii niliona yaliyokuwamo muda wote. Wakazi wa mji ule hawafiki elfu moja, na wageni wanaopita kwa mwaka ni mamia ya maelfu. Mwaka 2012 ilifunguliwa nakala ya mji wao huko Guangdong, China, kana kwamba mji ni kitambaa unachoweza kukikatia mshono. Mwaka 2023, mahali ambapo wageni husongamana kupiga picha, uliwekwa uzio wa mbao kuziba ziwa lisionekane. Baada ya lawama ukaondolewa. Mara ya kwanza nilipoyatafsiri hayo niliwaona watu wale wachoyo wa mandhari. Sasa nilimkumbuka bibi akitazama moto. Ziwa lile nalo lazima lina wenyewe, wanaojua nani alizama wapi; na mgodi ule, uliochimbwa kwa maelfu ya miaka, umebeba migongo ya watu wengi.

Nimeyafuta "mandhari" ishirini na sita, nimebakisha matano. Pale msafiri aliposema njia ya kupendeza, nimeweka njia ya wachimba chumvi, kwa kuwa ndivyo alivyoieleza mwenyewe sentensi mbili mbele. Sikuongeza kitu kisichokuwamo. Nimelitoa pambo langu tu.

Mto Mgeta huteremka kutoka mlimani, huzunguka na kuingia Ruvu, na Ruvu, baada ya kuinywesha Dar es Salaam, humwaga maji yake karibu na Bagamoyo, ng'ambo ya kisiwa chetu. Nilimwambia bibi habari hiyo kwa simu, siku nilipompigia kumsomea shairi lililosahihishwa. Alilisikiliza lote. Lilipofika neno la vyungu akasema, "Ehe." Nilipomaliza alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama yule papa niliyemletea hupikwa kwa nazi au bila nazi, maana amempika bila nazi na watoto wamekataa.

Nimempa jirani yangu nazi sita ampelekee.