Usiku Niliobonyeza N

Natoa ushuhuda huu kwa sababu najua usiku wa leo yupo kijana mahali fulani, peke yake mbele ya skrini nyeusi, na seva ya watu imemgomea.

Ilikuwa mwaka 2023, hapa Gasenyi, kaskazini mwa Bujumbura. Nilikuwa natunza seva ndogo ya akina mama wanaoweka akiba na kukopeshana. Michango yao ya miaka mitatu ilikuwa kwenye hifadhidata ya PostgreSQL 12, ndani ya Ubuntu 20.04. Nilitaka programu mpya ya kutoa ripoti, lakini toleo la kwetu lilikuwa la zamani. Nikaongeza kwenye orodha ya hazina za programu mstari wa Ubuntu 22.04. Apt, kisakinishi cha vifurushi, ikakataa: kifurushi cha programu ile kilidai libc6 mpya zaidi, nasi tulikuwa na 2.31. Sikusikia. Nikakiingiza kwa nguvu, kwa dpkg na --force-depends.

Tangu hapo kila nilichotaka kusakinisha kiligoma. Apt ikanielekeza niandike apt --fix-broken install. Nikaandika. Ikaja orodha ndefu ya vifurushi vitakavyoondolewa, kisha swali: Y au n? Kidole kilikuwa tayari juu ya Y. Ilikuwa saa saba usiku, umeme umeshakatika mara mbili, na petroli ya jenereta ilikuwa adimu mji mzima. Nilitaka yaishe nikalale. Lakini roho ikasita, nikairudia orodha neno kwa neno. Katikati yake nikaona: postgresql-12.

Nikabonyeza n. Nikainuka, nikanawa uso, nikamwomba Mungu anipe utulivu.

Kwanza nikatoa nakala ya hifadhidata kwa pg_dump, nikaiweka kwenye flashi. Kisha nikaandika apt-cache policy libc6. Jibu likaonyesha hazina mbili, focal ya Ubuntu 20.04 na jammy ya 22.04. Moja ina 2.31, nyingine 2.35. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na aliyewafungulia mlango ni mimi. Nikaufuta mstari wa jammy, nikaendesha apt update, nikakitoa kile kifurushi kwa dpkg --remove. Nikajaribu apt-get -s -f install, ambayo huonyesha tu kitakachotokea bila kugusa kitu. Vya kuondolewa: 0. Nilibubujikwa na machozi.

Asubuhi mama mweka hazina akanipigia simu.

“Mwanangu, hesabu zetu zipo?”

“Zipo zote, mama.”

Ndugu yangu unayetunza seva, vifurushi vikigombana usitumie nguvu. Toa nakala kwanza. Kumbuka ulichoongeza mwisho, ukitoe. Na kabla ya kubonyeza Y, soma orodha yote hadi jina la mwisho, maana humo mna jasho la watu.